Football Manager, Top Eleven au OSM: laki na nusu yako uipeleke wapi

Juzi baada ya alasiri mtoto wa kaka yangu kanikuta barazani, simu mkononi, salamu yenyewe hajaimaliza ashaanza, "Ami, hii Football Manager ninunue au nibaki na Top Eleven yangu? Mana laki na nusu ami, laki na nusu kwa gemu!" Nikamwambia kaa kitako unywe kahawa kwanza, suala lako hilo si la kusimama. Na si yeye peke yake, tangu FM26, yaani Football Manager ya 26, ilipotoka mwezi wa 11 mwaka 2025 hapa mtaani kila mwenye laptopu anauliza hilo hilo, na shemeji yangu wa Chake mwenye kibanda cha PS naye kanipigia anataka kujua kama gemu hii bado ina soko au ishakwisha, kwa hivyo naandika mara moja nimalize, atakaeniuliza tena namtumia hii.

Nakiri mapema kwamba mie ni mshabiki, FM nnaicheza tangu ikiitwa Championship Manager, kwenye kompyuta ya binamu yangu yenye skrini ya mgongo, tukipokezana zamu mpaka mama yake anazima umeme wa chumba kizima. Lakini ushabiki mbali na pesa mbali.

Kwa asiejua, hizi zote tatu, Football Manager, Top Eleven na OSM (Online Soccer Manager), ni gemu za ukocha. Hushiki pedi ukapiga chenga, kazi yako kununua wachezaji, kupanga timu, kuchagua mbinu, halafu unakaa unaangalia unavyofungwa. Ndo mana soko lake dogo, ukimwekea mtu aliyezoea eFootball anakutazama anakwambia mbona hapa hakuna mpira, kuna majedwali tu kama vitabu vya mhasibu. Anaeipenda lakini anaipenda kiukweli, haachi.

Haya, bei. FM26 ya kompyuta ni dola 59.99. Steam, duka la gemu la mtandaoni inakouzwa, haina shilingi yetu, unalipa kwa dola, na dola ukiipigia hesabu ya 2,500 ndo hiyo laki na nusu inayomtoa jasho mtoto wa watu. Top Eleven bure. OSM bure. Mtu akiangalia hapo tu basi mjadala umekwisha, nani mwenda wazimu atoe laki na nusu na pembeni kuna bure? Ila hiyo bure ukiikalia karibu ina mambo yake.

Nikamwambia niletee hiyo simu. Top Eleven ilitengenezwa na Nordeus, Waserbia wa Belgrade, ilianza 2010 huko Facebook, na wengi wenu mnaijua kwa sababu ya sura ya Mourinho. Msimu wake siku 28. Timu unaunda mwenyewe, unaipa jina, wachezaji si wa kweli, wana nyota. Sasa hapo penye nyota ndo penye mtego wenyewe: msimu ukiisha ukapanda daraja nyota za wachezaji wako zinashuka, yule straika uliyemlea mwezi mzima akawa na nyota sita unaamka asubuhi ana tano, kwa hivyo hufiki pahala ukasema sasa timu yangu imekamilika, kila mwezi unajaza pipa lenye tundu. Wachezaji wanachoka, unahitaji vipaketi vya kijani vya kuwapumzisha, vikiisha ama usubiri ama uangalie matangazo ama ununue. Kijana wetu mechi yake ilikuwa saa nne usiku dhidi ya mtu wa Misri sijui wa wapi, winga zake wawili wako hoi, paketi hana, kanunua tokeni, pesa za humo ndani ya gemu. Akanionyesha mwenyewe. Tukafungua ujumbe wa malipo ya simu tukaanza kujumlisha, elfu tano hapa, elfu saba pale, kumi siku ya Idi kwa sababu kulikuwa na ofa, tangu Ramadhani mpaka Maulidi imefika elfu themanini na kitu. Akanyamaza. Nikamwambia haya, laki na nusu unaiona ghali, hii elfu themanini uliiona lini ikitoka?

Simaanishi Top Eleven ni wizi, hapana, ni biashara nzuri kupita kiasi, mpaka Take-Two, wenye GTA, wakaenda kuinunua Nordeus mwaka 2021 kwa mkataba wa kufikia dola milioni 378. Pesa hiyo haitolewi kwa kitu cha bure. Inatokana na vijana milioni kadhaa kama huyu wangu, kila mmoja na vielfu vyake vitano.

OSM mie naiona ina uungwana zaidi. Hii ya Waholanzi, kongwe kuliko wengi wanavyodhani, ilianza 2001. Unachukua klabu ya kweli yenye wachezaji wa kweli, mechi moja kwa siku, unapanga timu dakika tano ukiwa kwenye daladala unafunga simu unakwenda kazini. Nayo ina sarafu zake za kununua na vipima muda vya kukukera ukitaka kufundisha mchezaji au kutuma skauti, ila hata usipotoa senti unashindana vizuri tu. Raha yake ni watu. Sisi hapa barazani tulifanya ligi ya watu tisa, aliyewahi kuchukua Liverpool kajigamba wiki nzima kamaliza wa sita, na bingwa akawa mzee mmoja muuza vipuri ambae mpira wenyewe anausikiliza redioni, kachukua Everton kaweka mabeki watano kila siku, kila siku moja bila. Mpaka leo ukipita dukani kwake anakuuliza utanunua kitu au umekuja kujifunza ukocha.

Sasa kwa mwenye simu tu, na bando lake la mawazo, mie namwambia OSM, wala sibabaishi. Top Eleven chukua kama unajijua unaweza kujizuia, na wengi wanaojijua hivyo wanajidanganya.

FM ni kitu chengine kabisa, na hapa ndo watu wanapokosea kulinganisha. Hazina yake ya wachezaji imejazwa na maskauti waliotapakaa dunia nzima wanaoangalia mpira kweli kweli, mpaka Everton ya Uingereza mwaka 2008 iliingia mkataba kuitumia kutafutia wachezaji. Klabu ya ligi kuu, wana maskauti wao wa mshahara, wamekwenda kuomba data kwa watengeneza gemu! Ukimsajili kijana wa miaka 17 kwenye FM unajua ana uoga gani mbele ya mashabiki, anapenda mguu gani, anagombana na nani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mie nilikuwa na beki mmoja wa kushoto msimu mzima simuelewi, mazoezini mzuri, mechi za nyumbani mzuri, za ugenini anatoa penalti kama sadaka, nikaja kugundua nimemweka kundi moja la malezi na mkongwe mmoja mvivu na uvivu umemwingia. Nimechukua miezi mitatu ya gemu kulijua hilo. Mwengine atasema huo ni ugonjwa. Sawa.

Na faida kubwa kwa mtu wa visiwani: ukishaiweka na kuifungua inacheza bila intaneti. Umeme ukikatika laptopu ina chaji yake unaendelea, bando likiisha unaendelea, uko Micheweni mtandao unakuja na kuondoka kama mwezi wa mawinguni, unaendelea. Top Eleven na OSM bila mtandao ni picha tu. Mtihani ni siku ya kuishusha, FM24 ilikuwa inaomba nafasi ya GB 7 kwenye diski, FM26 inaomba GB 20, kwa hivyo tafuta rafiki mwenye waifai ya ofisi na uende na kashata mkononi.

Kasoro yake kwetu ni kwamba Ligi Kuu ya Bara haimo ya kuchezwa, na ya Zanzibar ndo usiseme. Kwa Afrika nzima ligi inayochezeka bila kuongeza kitu ni ya Afrika Kusini peke yake. Inauma, tena sisi ambao 2017 tulipewa uanachama kamili wa CAF mwezi wa tatu tukanyang'anywa mwezi wa saba, tumezoea kuachwa nje lakini mpaka kwenye gemu jamani. Dawa ipo ila, ina edita, unaweza kutengeneza ligi yako mwenyewe, nitarudi hapo.

Shemeji lakini hakuniuliza utamu, kaniuliza soko. Itauza au haiuzi, na hizi za bure zipo kila simu?

Jibu langu mie nalitoa kwenye historia. Waliotengeneza hii kitu ni ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, Championship Manager ya kwanza ilitoka 1992. Kampuni yao ya Sports Interactive ikaja kuachana na wachapishaji wake, Eidos, baada ya toleo la 03/04, na talaka yenyewe ilikuwa ya ajabu: Eidos wakabaki na jina, jamaa wakaondoka na injini na data. Yaani mmoja kachukua kibao cha duka, mwengine kachukua mpishi. Sports Interactive wakahamia Sega, wakaanza upya kwa jina jipya la Football Manager mwishoni mwa 2004. Jina hakuna anaelijua, na mpinzani ana jina kubwa kuliko yote. Na baadae huyo mpinzani kwa toleo la 2010 akafanya kituko, mwenye kuagiza mapema alipe anachotaka mwenyewe, hata peni moja, juu yake gharama ya muamala pauni 2.50. Huwezi kushusha zaidi ya hapo, hiyo ni bei ya pipi. Na bado alikufa yeye, si FM. EA nao, pamoja na pesa zao zote, FIFA Manager waliifunga baada ya toleo la 14.

Rahisi zaidi ya hizo zote ni ile ya wizi ya kwenye flashi, tusidanganyane. Mkubwa wa Sports Interactive, Miles Jacobson, aliwahi kutoa hesabu mwaka 2013 kwamba FM2013 ilishushwa kinyemela mara milioni 10.1, China wakiongoza, na mara moja ikashushwa Vatican, sijui nani alikuwa anaifundisha Lazio usiku huko. Lakini sikiliza alivyopiga hesabu yake: katika hao milioni 10 alikadiria ambao kweli wangenunua ni asilimia 1.74 tu, kama kopi 176,000. Waliobaki hawakuwa wateja wake kamwe. Hapo nnapopapenda mie, kwa sababu hata huyu kijana wetu wa Top Eleven hakuibiwa kutoka FM, FM kwa bei hiyo asingeinunua, laki na nusu yenyewe inamtoa jasho! Anaecheza ukocha dakika tano kwenye foleni ya kivuko na anaekaa saa sita anapanga kona si mteja mmoja, bei ya huyu haimhusu yule.

Kwa hivyo ukiniuliza nani atakaeiua FM, mie siangalii simu, naiangalia FM yenyewe.

Fikiria hili. FM25 iliahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu tarehe 6 Februari 2025 wakatangaza haitoki kabisa. Walikuwa wanahamia injini mpya, Unity, mambo hayakukaa sawa. Mwaka mzima bila toleo, kitu ambacho hatujapata kukiona tangu waanze na Sega. Sasa watu wakabaki na FM24, na FM24 ilikuwa nzuri bahati mbaya yao, wakagundua kwamba ukiitia mafaili ya wachezaji wapya yanayotengenezwa na mashabiki inakwenda tu, usajili umo, nywele za wachezaji zimo, kinachokosekana nini? Na juu ya hapo Septemba 2024 Epic, duka jengine la gemu la mtandaoni, waliigawa bure wiki nzima. Mie niliidaka, na nilimpigia kelele kila mtu barazani aidake, walionisikiliza ni wawili.

Ndo FM26 ikaja, na wanawake wamo kwa mara ya kwanza, leseni ya Premier League ipo, picha za mechi nzuri kweli. Lakini sura ya ndani imebadilishwa yote, vitu vilivyokuwa mbofyo mmoja sasa mitatu, mafaili yanakwama, kufundisha timu ya taifa hakukuwemo siku ya kutoka, na wanunuzi wakaenda Steam wakaandika maoni makali, wabaya wakawa wengi kuliko wazuri. Hao wanaoandika hivyo si watoto wa gemu za bure, ni wale wale wanaoicheza miaka 20, wenye kulipa kila Novemba bila kuuliza. Huyo mteja ukimfundisha kusubiri, ashajifunza.

Kwa hivyo mpinzani wa bei rahisi wa FM26, nnavyoona mie, ni FM24. Na wa pili ni punguzo la FM26 yenyewe, kwa sababu kila mwenye akili anajua gemu hii inatoka Novemba kwa bei kamili na kabla msimu wa pili inakuwa nusu, sasa kwa nini akimbilie? Waliitangaza FM24 imepita wachezaji milioni 7 na ni kweli rekodi kwao, ila wachezaji si wanunuzi, ndani yake wamo wa Game Pass ambao wanalipia kifurushi cha gemu nyingi. Ya simu nayo, iliyokuwa inauzwa peke yake kama dola kumi hivi, tangu FM24 inapatikana kwa mwenye Netflix tu. Wanaongeza watu wanapunguza wa kutoa pesa mlangoni. Itaendelea kuuza, sina wasiwasi, hakuna mwengine anaefanya kazi ile, lakini ile ya kuuza bei kamili wiki ya kwanza kwa watu wanaolipa wamefumba macho, mie naona ishawaponyoka na itawachukua matoleo mawili matatu mazuri kuirudisha.

Shemeji nilimjibu kwa maneno machache: usiiweke. Kibanda chako kinakula kwa mechi ya dakika kumi, watu wawili pedi mbili, wanne nyuma wanasubiri na mia tano zao. Mtu wa FM atakaa saa tatu hajacheza hata mechi, anazungumza na wakala wa mchezaji, na ukimwambia muda umekwisha atakwambia subiri nimalize dirisha la usajili. Utafilisika unaangalia.

Kwa mwenye laptopu yake hali ni nyengine. Uliidaka FM24? Kaa nayo, tia faili la wachezaji wapya, huna haja ya kutoa kitu. Hukuidaka, basi matoleo ya nyuma huwa yanaondoshwa dukani, itabidi FM26, ila subiri punguzo, usitoe 59.99 wakati kitu hata wenyewe wanakiziba viraka kila mara, na angalia laptopu yako kwanza, kama ni ile ya RAM ya GB 4 ya kununua mkono wa pili itacheza lakini utapika chai kati ya mechi na mechi. Unayo Netflix ya nyumbani, ya kaka, ya yeyote? Basi ya simu ipo humo humo hutoi zaidi, na mie naiona inaishinda Top Eleven mbali, imepunguzwa mambo lakini bado ni ukocha, nyota hazikushuki usingizini.

Kijana nikamwambia kabla hujanunua chochote njoo ujaribu, usije ukatoa laki na nusu ukakuta ni vitabu vya mhasibu. Nikamfungulia toleo langu la zamani ambalo niliwahi kukaa Ramadhani nzima nikaitengeneza ligi yetu kwa edita, KMKM, JKU, Malindi, Zimamoto, za Pemba zote zimo, viwanja nimeviweka Amaan na Gombani. Kachukua Mlandege, bila shaka, waliobeba Kombe la Mapinduzi 2023 na 2024, na hiyo ya 2024 walimfunga Simba fainali moja bila, sasa yeye anadhani ukichukua Mlandege ushamaliza. Hajasoma ripoti hata moja, kapanga washambuliaji wanne, kasafiri Pemba. Hapa nnapoandika yupo nyuma yangu, Jamhuri wanamwongoza tatu, dakika ya 60, anamtukana refa na ananiuliza ami, paketi za kupumzisha wachezaji ziko wapi humu.